Mfalme wa Chumvi Alijua

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakusalimu kwa hamu na kwa heshima ileile ya siku zote, nikitumai kwamba wewe na shemeji hamjambo, na mabinti pia. Naomba uisome barua hii ukiwa umekaa. Najua ombi hilo ni gumu kwako, maana tangu nipate akili sijawahi kukuona umekaa kitako mpaka chakula kikaisha. Kama una kitambaa kwenye cherehani, kitoe. Kama kuna mteja mlangoni, mwambie arudi kesho.

Sisi huku tunasukuma siku. Wifi yako mzima, anakusalimu sana, na ndiye anayeandika maneno haya huku mimi namtajia. Kwa hiyo usishangae kuona mistari imenyooka. Mwandiko wangu ulikuwa mbaya tangu shule, na siku hizi hata kuku angeukana. Tumekubaliana aandike kila ninachosema bila kunirekebisha, hata nikimsema yeye. Yeye yuko mezani karibu na dirisha, mimi niko kwenye kochi. Nikichoka tunapumzika, tunaendelea.

Kwanza nikuombe radhi kwa kimya changu. Umepiga simu mara nyingi sikupokea, na ile mara ya mwisho niliyopokea uliniuliza kama nimekunywa. Nikakataa. Ukasema, "Kitinda, mimi ndiye niliyekulea, usinifiche. Ulimi wako mzito." Kisha nikakusikia unalia. Dada, sijaonja pombe. Ila siku ile nilikata simu, na tangu hapo nikaona afadhali uniite mlevi kuliko nikupe habari hii vipande vipande, nikikwama kila neno la tatu, na wewe ukidhani nimelewa tena.

Halafu ukaniandikia habari za harusi ya mpwa wangu mkubwa. Ukanitaka nije nisimame kama mjomba, nivae suti iliyopigwa pasi, nisiwaaibishe mbele ya wakwe. Nilifurahi, kisha furaha ikanitoka. Jibu la hilo limo humuhumu. Nakuomba usiruke ukurasa.

Nianze na kazi. Unajua nilivyokuwa dukani kwa Mzee Lenzi, fundi wa miwani. Kukata kioo kikae kwenye fremu, kukisugua kingo, kufunga skrubu ndogo kama punje ya ufuta. Watu walikuwa wanasema mikono yangu haina haraka. Mwaka huu skrubu zikaanza kuniruka. Mwanzoni nililaumu bisibisi, nikanunua nyingine. Nikalaumu taa. Nikavunja lenzi za mwalimu mmoja, nikazikata upya, nikazivunja tena, na yule mwalimu amekaa kwenye benchi ananisubiri huku amekunja macho. Mzee Lenzi hakunifokea. Alinihamishia mbele, niwe napokea wateja na kufuta vioo vya kabati. Baadaye kufuta nako kukanishinda, nikaangusha trei nzima ya fremu. Akaniita pembeni, akaniambia nikapumzike nyumbani mpaka nipate nafuu. Alisema "mpaka" kwa upole sana, dada, nikajua hakuna mpaka.

Na ile shughuli yangu ya pili, ambayo wewe uliiita utoto: mtu mzima na ndevu zake anagombana na mashetani ya gemu kwenye kioo. Uliicheka, lakini ilikuwa na wafuasi wengi. Gemu ninazozipenda ni za giza, na hazisimulii hadithi yake moja kwa moja. Hadithi imevunjwa ikafichwa. Neno moja limechorwa ndani ya pete, jingine analitamka mtu anayekata roho kwenye korido, picha imegeuzwa uso ukutani. Mimi nilikuwa naokota vipande hivyo, navitia kwenye Kiswahili, kisha naeleza kwenye chaneli yangu ya mtandaoni: bosi huyu ni nani, anapigania nini, na mwisho huu una maana gani. Bosi, kwa lugha ya wachezaji, ni yule adui mkubwa anayekaa kwenye mlango wa maana. Humpiti mpaka ujue mapigo yake. Watazamaji waliniita Mfasiri. Wapo walioniambia hawajawahi kushika pedi ya kuchezea gemu maishani mwao, wanakuja kusikiliza tu.

Gemu iliyonipa jina inaitwa Ufalme wa Chumvi. Wewe unaingia kama mtumishi aliyerudi kwenye jumba la kifalme baada ya miaka mingi, unakuta watu wote wa ukoo ule wanageuka chumvi. Inaanza kwenye vidole, inapanda kwenye ulimi, mwisho mtu anasimama palepale alipokuwa, mweupe, kimya. Ngazini kuna Malkia, na watu wote wanamwogopa kwa sababu hana mahadhi. Mabosi wengine unaweza kuwahesabia: moja, mbili, anapiga, moja, mbili, anarudi nyuma. Malkia hahesabiki. Bega linaruka lenyewe, mkono unakwenda kusikotarajiwa, anayumba unadhani anaanguka, kumbe upanga umeshafika. Wengi walisema kalewa. Wengine walisema kapagawa. Mimi nilieleza kwamba ile ni chumvi iliyoingia kwenye viungo, na kwamba hapigani na wewe hata kidogo, anajaribu tu kushuka ngazi bila kuanguka, na wewe umemziba njia. Watu waliipenda sana tafsiri hiyo. Nami nikajisifu, sikufikiri kitu kingine, nakuapia.

Malkia yule nilikuwa nampiga huku napiga soga. Mwaka huu akaanza kunipiga yeye. Nikawa nabonyeza kitufe kabla ya wakati au baada ya wakati, au kidole kinabonyeza mara mbili bila mimi kukituma. Watazamaji wakaanza utani: Mfasiri kazeeka, Mfasiri leo kaanza mapema na chupa. Nilicheka nao. Siku moja sikucheka, nikaitupa pedi ikapasuka ukutani. Wiki ileile nilimfokea wifi yako kwa sababu ya kijiko, kwamba amekiweka upande usio wake, mpaka majirani wakatoka nje kusikiliza. Wewe unanijua, dada. Mimi nilikuwa mtu wa kununa, si mtu wa kufoka. Baada ya kufoka nilikaa chini nikiwa na hofu, maana hasira ile haikuwa na mzizi. Ilikuja kama mtu mwingine aliyeingia bila hodi akatumia mdomo wangu. Wifi yako anaiandika sentensi hii na wala hainui kichwa.

Sasa sikia ilivyotokea. Watazamaji walikuwa wameniomba wawe wanaona vidole vyangu ninapocheza, nikaweka kamera ndogo juu ya meza. Jumapili moja mchana nimekaa nakata video ya Malkia, kwenye skrini yeye yuko upande huu na mikono yangu iko kwenye pembe. Wifi yako akapita na nguo alizotoka kuanua. Akasimama nyuma yangu. Akasema, "Mbona mikono yako inakwenda kama ya huyo mama?"

Nikamwambia aache masihara. Lakini nikarudisha nyuma, nikatazama. Nikarudisha tena. Pale ambapo nilikuwa nimepumzika, sichezi, nasubiri mlango ufunguke, vidole vyangu havikupumzika. Kimoja kinainuka, kingine kinajikunja, kifundo kinajizungusha, kama watu wanaonong'onezana wakidhani mwenye nyumba hasikii. Na bega langu, lililoonekana kidogo tu, likaruka.

Wifi yako akaweka zile nguo kwenye kiti. Akasema polepole, "Wewe si uliniambia mama yenu alikuwa anatembea kama mtu anayekwepa madimbwi?"

Dada, mimi nilikuwa mdogo, nakumbuka machache. Namkumbuka mama anashika ukuta. Nakumbuka vikombe vya bati, kwa sababu vya udongo vilikuwa haviishi siku. Nakumbuka watoto wa jirani wakimwigiza barabarani, na wewe ukiwakimbiza na ufagio, kisha unarudi ndani unamfungia mlango asitoke. Watu walisema anakunywa kwa siri. Baba alituambia ni mishipa, imechoka. Mama alipofariki tuliambiwa ni homa iliyopanda kichwani, tukaamini, nani angeuliza zaidi? Nakumbuka sana mikono yake ikiwa kwenye mapaja, haitulii, na wewe unaishika yote miwili kwa mkono wako mmoja, kama mtu aliyekamata vifaranga.

Basi nikaenda hospitali. Wakanituma kwa daktari wa mishipa ya fahamu, mama mmoja wa makamo mwenye sauti ya chini. Alinitaka ninyooshe ulimi niuache nje, ukarudi wenyewe. Alinitaka nitembee juu ya mstari wa vigae, nikauacha mstari. Akauliza kuhusu mama, nikamweleza haya niliyokueleza, naye akaacha kuandika. Wakanitoa damu. Majibu yalichukua muda, na siku ya kuyafuata wifi yako alivaa gauni ulilomshonea, sijui kwa nini, labda alidhani jambo zuri huvutwa na nguo nzuri. Daktari alifunga mlango. Alisema ugonjwa nilio nao ni wa ubongo, unakula polepole, unachukua mwendo, kisha usemi, kisha kumeza, na akili nayo hauiachi. Dawa ipo ya kutuliza kurukaruka kwa viungo, ya kuuondoa hakuna. Una jina refu la kigeni, silitaki nyumbani kwangu. Alisema na mengine. Hayo nitayafikia, niache kwanza nipumue.

Tumepumzika. Wifi yako amenipa maji kwa mrija.

Baada ya hospitali nililala siku nyingi nikitazama ukuta. Kilichoniinua, utacheka, ni gemu. Watazamaji walikuwa wanadai tafsiri ya mwisho wa Ufalme wa Chumvi irudiwe, kwa sababu ugomvi ulikuwa umezuka upya juu ya Mfalme. Huyo ndiye bosi wa mwisho. Unamkuta chumbani, amesimama mbele ya mlango wa chumba walicholala binti zake walipokuwa wadogo. Kutokana na vipande unagundua kwamba aliambiwa na mganga wa jumba, Malkia alipoanza kuyumba, kwamba chumvi iko kwenye damu na itawatokea watoto. Akamziba mganga mdomo. Watoto wakakua, wakaolewa nchi za mbali, wakageuka chumvi kwenye nyumba za watu bila kujua kwa nini. Ukimshinda Mfalme kuna miisho mitatu ya kuchagua: unamuua, au unakaa naye mpaka nawe ugeuke, au unafungua madirisha mvua iingie iwayeyushe wote.

Video yangu iliyotazamwa kuliko zote ilikuwa ya kumtetea Mfalme huyo. Nilisema alinyamaza kwa upendo. Nilionyesha jinsi anavyopigana: hakufuati, hakukimbizi, anapiga tu ukisogelea mlango. Nikasema mtu anayelinda hivi si mwovu, aliwapa binti zake zawadi pekee aliyokuwa nayo, yaani miaka ya kutokujua. Watu walilia. Watu wazima waliandika kwamba nimewafanya wawapigie baba zao simu. Wifi yako peke yake, naye hata hajui gemu, aliuliza swali moja nikiwa narekodi, ikabidi nilikate: "Anaulinda huo mlango, au amewafungia?"

Sasa nikataka kulirudia pambano lile nitazame upya. Mikono yangu haiwezi, kwa hiyo wifi yako akashika pedi na mimi nikawa namwelekeza. Ungetuona ungecheka mpaka ushike mbavu. Tulikuwa kama mtu na mkewe wanaoegesha lori kwenye uchochoro. Kushoto, si hiyo kushoto, jikinge, si nimekwambia ujikinge! Ananiambia nikinyamaza ataona vizuri zaidi. Tulikufa mara nyingi sana, na siku hizo, nakuambia kweli, zilikuwa afadhali kuliko zote za mwaka huu.

Ndipo baba alipokuja huku kwetu kupima macho. Wewe mwenyewe ulimsindikiza stendi. Nilimwomba wifi yako asimwambie kitu, nikakaa na mikono chini ya mapaja. Mzee Lenzi alimpimia kwa heshima, akamtengenezea miwani nzuri. Baba akarudi amefurahi, anasoma kila kitu, hata maandishi ya kwenye pakiti ya sabuni. Mchana wake tukiwa kwenye pambano la Mfalme, akaja akakaa kwenye kochi kando yangu kujaribu miwani kwenye skrini. Akauliza huyu mzee mweupe kakosa nini mpaka mnamwandama hivyo.

Nikamsimulia. Ile ni kazi yangu, dada, kusimulia najua hata kwa ulimi huu. Nilipofika kwenye habari za mganga, baba akasema, "Aliambiwa lini?"

Nikasema Malkia alipoanza kuyumba.

"Na watoto walikuwa wadogo?"

"Wadogo."

"Basi angewaambia nini?"

Ile sauti haikuwa ya mtu anayeuliza mambo ya gemu. Wifi yako aliacha kubonyeza. Kwenye skrini Mfalme akatuua, kioo kikawa cheusi, hakuna aliyejali. Mimi nilikuwa nimesahau kukalia mikono, ilikuwa hadharani inafanya mambo yake, na baba alikuwa anaitazama kupitia miwani mipya. Akaivua. Akaifuta kwa pindo la shati, nayo ilikuwa safi.

Nikamuuliza, "Baba, ulijua?"

 Akaongea akiwa ametazama chini, na haya ndiyo maneno yake, wifi yako ni shahidi:

"Daktari mmoja aliniambia. Mama yenu alikuwa bado anatembea. Aliniambia ni ugonjwa wa damu, unashuka kwa watoto, si wote, lakini hakuna ajuaye nani. Nikarudi nyumbani nikawakuta uani. Dada yako anakufundisha kuruka kamba. Ningewaita niwaambie nini? Nikasema wapate utoto kwanza. Mkakua, nikasema dada yako amalize shule. Akamaliza, nikasema nisimharibie ndoa. Akaolewa, kabla sijafungua mdomo ana mimba. Basi tena, nikasema, imeshapita. Kila mwaka ulikuja na sababu yake."

Kisha akaongeza jambo ambalo linanifuata mpaka kwenye usingizi. Alisema kwamba miaka yote hii, kila tulipomshika mkono kumsalimia, alikuwa akiushika kidogo zaidi ya kawaida, ausikilize.

Sasa unajua, dada. Niliyotaka kukwambia ndiyo haya, na nitayasema waziwazi ili usibaki unaokota vipande. Ugonjwa aliokuwa nao mama ndio nilio nao mimi, na kila mtoto wa mama alikuwa na nafasi sawa ya kuurithi na kutokuurithi. Umri wako hauthibitishi kitu, wengine unawatokea wakiwa wamevuka hapo. Kama wewe huna, mabinti hawana, na habari inaishia hapo kabisa, haiwezi kukuruka ikawafuata. Kama unao, nao kila mmoja ana nafasi hiyohiyo, nusu kwa nusu. Kipimo kipo, ni damu tu. Daktari alisema hakuna wa kukulazimisha kupima, na wapo wanaochagua kutokujua. Alisema pia kwamba mtu hawezi kuchagua kama hajaambiwa.

Katika barua yako ya harusi uliandika, kwa utani wako, kwamba siku hizi mikasi inakukimbia mkononi, labda inataka kuolewa nayo. Nilisoma mstari huo nikaiweka barua chini. Huenda ni uchovu tu. Unashona usiku na mchana, mkono wa nani usingechoka? Huenda ni uchovu, nimejiambia hivyo mara nyingi mno, na hata sasa ninapomtajia wifi yako sauti yangu inajaribu kuamini.

Baba aliniomba nisikwambie mpaka harusi ipite. Alinishika goti. Alisema mtoto ana furaha, mwache avae nguo yake. Na nikaona, dada, kwamba nilishawahi kuyasema maneno hayo mbele ya watu wengi, kwa sauti nzuri, na muziki nikaweka chini yake. Niliyaita upendo. Huenda ni upendo kweli. Sikatai kwamba alitupenda. Lakini nilimtazama wifi yako, niliyemwoa nikiwa sijui ninamletea nini, na sikupata hata neno moja la kumtetea mfalme aliyekaa kwenye kochi langu.

Sisi tulikuwa tunatafuta mtoto. Tumeacha. Yeye alitaka tuendelee, mimi ndiye niliyekataa, na

Tumepumzika tena. Amesema niendelee.

Kuhusu harusi: uamuzi wa kumwambia mpwa wangu ni wako, sitakuingilia. Ila yule kijana anayemwoa naye ni mtoto wa watu, na mpwa wangu ni mtu mzima mwenye akili zake. Ukinitaka nije, nitakuja. Nitayumba, nitamwaga kinywaji, na wakwe watasema mjomba amelewa kabla ya ukumbi kufunguliwa. Waache waseme, tumeshazoea. Usiponitaka, pia nitaelewa, sitanuna.

Chaneli nimeifunga. Watazamaji waliendelea kuuliza ni mwisho upi kati ya ile mitatu ulio wa kweli, wa heri, wa haki. Zamani ningewapa jibu, na ushahidi juu yake. Nimeitazama yote mitatu mpaka macho yakauma, na ninachokiona ni njia tatu za kutoka kwenye chumba kilekile. Ukimuua, binti zake ni chumvi. Ukikaa naye, ni chumvi. Ukileta mvua, hakuna hata cha kuzika. Kazi yangu yote ilikuwa kuwaambia watu kwamba giza lina maana, ukilichungulia vizuri utaikuta. Mimi nimechungulia, dada. Asubuhi ninaamka, ninahesabu nini kimeondoka tangu jana: kifungo cha shati, neno, hatua ya mlangoni. Mchana ninamwogopa mtu nitakayekuwa, yule mfokaji, na ninamwomba wifi yako aahidi kwamba atakuja kuishi kwako siku nitakayoinua mkono. Amekataa kuahidi. Sina la kukufariji. Nimetafuta, sikupata, na sitaki kukutungia.

Baba aliyekukabidhi bahasha hii anajua kilichomo. Nilimwambia nitakuandikia atake asitake. Siku mbili hakunisemesha, akila anaacha. Leo asubuhi, begi limeshafungwa, alivaa koti lake akasimama mlangoni, akanyoosha mkono, akasema, "Ikiisha nipe. Niipeleke mwenyewe." Nikamwambia basi amwambie binti yake kwa mdomo, afadhali. Alijaribu hapa mbele yetu. Alianza, "Mwanangu," akakwama hapohapo, akaanza tena, "Mwanangu," na tena, mpaka wifi yako akamletea kiti. Ameahirisha basi la asubuhi. Sasa hivi yuko barazani anasubiri tumalize, begi liko miguuni, na kila wifi yako anapogeuza karatasi anageuza shingo.

Nilidhani huenda akaitupa njiani. Kama unaisoma, hakuitupa. Sijui kama huo ni ujasiri au ni kuchoka tu, na wala sitalifasiri. Atakuwa amekaa hapo karibu nawe, au amejifanya katoka kunyoosha miguu. Sikuombi umsamehe, mimi mwenyewe sijaweza. Ninachokuomba ni kwamba usimtoe nje leo. Safari ni ndefu kwa umri wake, na hajala.

Nisalimie shemeji. Wabusu mabinti, wote wawili, na usiwatazame mikono, nakuomba, najua utataka. Wifi yako anakusalimu na anasema yuko tayari kuja wakati wowote utakaosema njoo. Nakutakia, sijui nikutakie nini dada, nakutakia siku ya kesho.

Ni mimi mdogo wako uliyemlea,

Kitinda